Siku ya Akina Lugano

Ukishuka kwenye basi pale Ilula ukaulizia nyumba ya Devota, utaelekezwa kwa Devota muuza vitunguu, au kwa Devota wa kwaya ya pili, au utaambiwa kaa kidogo wamfikirie. Lakini ukiulizia Lugano, utapata watu watatu wa kukupeleka, na wote wanataka kujua umekuja kumfanya nini. Maana ni mtu mmoja huyo. Devota ni jina alilopewa na padre, na husomwa kanisani siku za michango tu. Lugano ndilo linaloitwa barabarani, sokoni, kisimani na msibani.

Na jina lenyewe ni la Kinyakyusa. Mwenye nalo ni Mhehe, baba Mhehe, mama Mhehe, mume Mhehe, na Kinyakyusa chote anachokijua hakimfikishi hata kwenye salamu ya pili. Huuza nyanya stendi, na abiria wa Mbeya wakisikia wachuuzi wenzake wanamwita, hutoa vichwa madirishani na kumsemesha kwa furaha, ndugu yetu, umefikaje huku? Yeye hucheka, hupandisha ndoo ya nyanya juu ya kichwa mpaka ifike dirishani, na kama dereva hana haraka huwasimulia.

Husimulia hivi. Mama yake, Paskalina, alishikwa na uchungu akiwa njiani kwenda zahanati. Wifi yake aliyemsindikiza alikimbia kutafuta msaada, akamwacha ameketi kwenye majani kando ya barabara kuu. Basi likasimama. Akateremka mama mmoja Mnyakyusa, akampokea mtoto kwa mikono yake miwili kama ameletewa mgeni wake mwenyewe. Gari la misheni lilipotokea likawachukua mzazi na mtoto, Paskalina alikuwa na nguvu za kuuliza neno moja tu, jina lako nani, na yule mama akajibu, Lugano. Basi likaondoka. Padre alikataa kubatiza kwa jina asilolijua, Paskalina akakataa kuliacha, na kwa kuwa padre alikuwa anakuja mara moja kwa mwezi na Paskalina alikuwa hapo kila siku, unajua nani alishinda.

Ni hadithi nzuri, na abiria wengi wameipenda kiasi cha kununua nyanya ambazo hawakuzihitaji. Lakini ilikuwa na mwiba ndani yake. Katika ukoo wao, mtoto akipewa jina la mtu aliye hai, ni lazima apelekwe kwake akaonekane. Huyo wajina wake atamtazama, atamshika kichwa, atasema ndiyo, jina langu limefika. Ndugu zake Lugano wote walipelekwa, mmoja mpaka Idodi kwa mguu, mgongoni kwa baba. Yeye hakupelekwa, kwa sababu hakuna aliyejua apelekwe wapi. Bibi zake walimtania kwamba anatembea na jina la kuazima na mwenyewe hajaambiwa. Utani huo ulimwingia akiwa mdogo, na akiwa mtu mzima, mke wa Rabson fundi matofali, mama wa watoto watatu, bado ulikuwa ndani. Kila mama wa makamo aliyechungulia dirishani na lafudhi ya Mbeya, Lugano alimtazama mikono kwanza. Alitaka kuonekana na mtu huyo kabla mtu huyo hajafa, na miaka ilikuwa inakwenda.

Sasa huko Mbeya, Mwanjelwa, kulikuwa na kijana fundi simu mwenye maneno mengi kuliko kazi. Naye aliitwa Lugano. Siku moja akaandika kwenye mtandao kwamba dunia ina siku ya wajinga, ina siku ya mbu, hata choo kina siku yake, je, akina Lugano wameikosea nini dunia? Akatangaza kwa mamlaka aliyojipa mwenyewe kwamba Jumamosi ya pili ya mwezi wa saba ni Siku ya Lugano Duniani. Sheria zake zilikuwa rahisi. Siku hiyo Lugano asiamkie mtu, aamkiwe yeye. Lugano asitumwe dukani. Na kila Lugano, mwanamume kwa mwanamke, maana jina hilo halichagui, aweke picha yake na aseme jina lilimfikiaje.

Ulikuwa mzaha, na mzaha hauna breki. Likaanzishwa kundi la WhatsApp. Mmoja akaweka picha ya mji wa Uswisi unaoitwa Lugano, uko kando ya ziwa, maghorofa na milima, akaandika kwamba Wazungu wameiba jina bila hata kuleta mkungu wa ndizi, na kwamba wajumbe waende wakadai. Watu wakacheka wiki nzima. Lakini chini ya vicheko, hadithi zikaanza kushuka. Lugano maana yake ni upendo, kila Mnyakyusa anajua. Kilichokuwa hakijulikani ni upendo wa nani. Mmoja aliitwa hivyo kwa sababu wazazi wake walikuwa wameachana, na siku alipozaliwa baba alirudi na godoro kichwani. Mwingine aliitwa hivyo na bibi aliyekuwa hajasema na jirani yake tangu vita vya mpaka wa shamba, na jirani huyo ndiye aliyeleta uji wa mzazi. Mwingine alikuwa wa saba baada ya sita kufa. Hadithi hizo zilianza kwa utani na kuishia pengine kabisa.

Shedrack, mtoto mkubwa wa Lugano, ndiye aliyemwingiza mama yake kwenye kundi. Jioni ya kwanza Lugano alikaa jikoni na simu mkononi mpaka ugali ukaungua. Alikuwa amejiona mmoja maisha yake yote, kama mti uliopandwa shamba la watu wengine, na sasa walikuwa wengi, wazee na vijana, walimu, mashemasi, makondakta, mmoja mnene mwenye kofia ya polisi, wote wanajibu jina lake. Akaogopa kidogo. Kisha akabonyeza kitufe cha sauti akasimulia hadithi yake, ya barabarani, ya basi, ya mama wa Kinyakyusa. Akamalizia hivi: "Kama yuko hai, au kama kuna mtoto wake anayenisikia, naomba nije nionekane."

Majibu yalikuja mengi. Kila mmoja alikuwa na shangazi aliyewahi kusafiri. Lakini mtu pekee ambaye hakufurahi alikuwa anaishi nyumba hiyohiyo.

Paskalina sasa ni bibi kizee mwembamba, mgongo umeinama kidogo lakini ulimi umenyooka. Tangu aliposikia habari za sauti iliyotumwa alikuwa hana raha. Alisema simu zinaleta matapeli. Alisema huyo mama lazima alishakufa. Alisema, "Mambo ya uzazi hayatangazwi, Lugano. Wewe umeyatangaza mpaka kwa mapolisi."

"Mama, si ni wewe uliyetaka nimshukuru?"

"Nilitaka umshukuru kwa Mungu. Mungu anamjua."

Usiku wa Jumapili, wanawake hao wawili wakimenya viazi, simu ikalia. Ilikuwa sauti iliyotumwa na msichana aitwaye Blessing, wa Uyole, Mbeya. Msichana alisema kwamba yeye si Lugano, ila babu yake ni Lugano na hana simu kubwa, kwa hiyo yuko kwenye kundi kwa niaba yake. Kwamba amekuwa akimsikilizisha babu hadithi za watu jioni, na kwamba ya dada wa Ilula babu aliomba airudie, na tena airudie. Sasa anataka kuuliza kitu.

Ikaja sauti ya mzee, pole, yenye kikohozi.

"Huyo dada wa Ilula. Naomba aniulizie kwa mama yake. Siku hiyo, pale, palikuwa na lori limefunguliwa boneti? Lori la mabati? Na huyo mama mzazi alikuwa amekamata tairi la mbele kwa mikono? Kama ndivyo, mnijibu taratibu. Mimi ni mtu mzima, na moyo wangu sio mzima sana."

Lugano aliinua uso acheke, maana mzee wa watu alikuwa amechanganya hadithi, lori na basi wapi na wapi. Hakucheka. Mama yake alikuwa ameweka kisu chini. Alikuwa anaitazama mikono yake, ile iliyowahi kukamata tairi.

"Zima hiyo simu," Paskalina alisema.

"Mama?"

"Nimesema zima." Kisha, simu ilipozimwa, alisema kwa sauti ndogo ambayo binti yake hakuwahi kuisikia. "Hapakuwa na basi. Hapakuwa na mama yeyote. Lilikuwa lori, limepanda mlima Kitonga limechemka, limesimama lipoe. Na mwenye lori alikuwa mwanamume."

Waliolelewa siku hizi watauliza, sasa ajabu iko wapi? Basi waulize wazee. Enzi za Paskalina mwanamume hakukaribia uzazi hata wa mke wake. Alikaa nje, tena mbali, mpaka aitwe. Mwanamume wa kupita, wa kabila jingine, kumwona mke wa mtu katika hali ile na kumgusa, hilo lilikuwa jambo la kumrudisha mwanamke kwao, na kwa dereva pengine la mapanga. Wote wawili walilijua. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Paskalina alizaa, halafu akauficha miaka arobaini na ushei, na akamvisha yule dereva kitenge cha mama wa Kinyakyusa ili aweze kumtaja mezani kwake bila hofu.

"Nilimfukuza," alisema. "Nilimwambia ondoka, usinitazame. Akasema, mama, nikiondoka mnakufa wawili. Akavua sweta lake la kukupokelea, akafumba macho, Lugano. Alifumba macho. Alikupokea akiwa amefumba macho, kwa kupapasa, mpaka nilipomwambia mwenyewe fungua."

Lugano hakukasirika. Alijaribu kuitafuta hasira, maana alikuwa na haki nayo, akaikosa. Kilichomjia kilikuwa kikubwa kuliko hasira na kilimfanya anyamaze, kama mtu aliyeingia kanisani akadhani ni chumba cha kawaida. Alimwona dereva yule, kijana bado, peke yake barabarani, amepiga magoti kwenye majani, amefumba macho ili asimwaibishe mwanamke asiyemjua. Upendo wa nani? Kumbe ndio huu.

"Baba alijua?"

"Baba yako alikufa anamwombea yule mama kila Krismasi."

Hapo wakacheka, bila kutaka. Kisha Lugano akawasha simu akamjibu mzee, taratibu kama alivyoombwa: ndiyo, lori la mabati, mama yupo, na mimi nipo, tunakuja. Alisema tunakuja kabla hajamuuliza mama yake. Paskalina akaendelea kumenya kiazi chake mpaka kikaisha.

"Aliyefumba macho ni yeye, mwenye haya ni mimi," alisema mwisho. "Nitakwenda. Nitafutie kitenge kisichochakaa."

Siku ya Lugano Duniani ilipofika, walipanda basi Ilula asubuhi wakiwa na tenga dogo la nyanya na jogoo. Wachuuzi wenzake walimpandishia Lugano ndoo dirishani kwa dhihaka, mama, nyanya, nyanya za Ilula, na yeye akapatana nao bei kama mgeni. Baada ya Makambako Paskalina alibandika uso dirishani. Alikuwa hajawahi kufika mbali hivyo. Bonde la Usangu lilipofunguka upande wa kulia, tambarare mpaka macho yanachoka, aliuliza tu kama na huko wanaishi watu wanaojuana.

Uyole kulikuwa na baridi ya mwezi wa saba, ile inayokaa kwenye magoti. Sherehe ilikuwa katika ukumbi wa kukodi, na fundi simu wa Mwanjelwa alikuwa jukwaani amevaa suti iliyompita. Alitwaa kipaza sauti akaita, "Lugano!" Ukumbi mzima ukaitika. Akaita tena, wakaitika tena, wanaume kwa wanawake, na vitoto vya mgongoni, na bibi mmoja asiyesikia vizuri ambaye alichelewa akaitika peke yake. Watu walicheka hadi machozi. Lugano aliitika pamoja nao, na sauti yake ilipotelea ndani ya sauti zote zile kiasi kwamba hakuweza kuisikia. Alisisimka mwili. Nywele za mikono zilisimama, akaficha mikono ndani ya shali asionekane mshamba.

Blessing akawafuata pale, msichana mrefu mwenye adabu. Babu hakuweza kuja ukumbini, alisema, kelele zinamchosha, lakini nyumbani ni hapa juu tu. "Tangu asikie ile sauti yako, mama, hali chakula vizuri. Anakaa nje anatazama njia."

Walipanda kati ya mashamba ya viazi. Mzee alikuwa uani, kwenye jua, ndani ya koti zito, miguu kwenye viatu bila soksi. Alikuwa mdogo kuliko alivyokuwa kwenye hadithi. Alijaribu kusimama, akashindwa, akajaribu tena mpaka akasimama, na mtu wa kwanza kumsalimu hakuwa Lugano. Aligeukia kwa Paskalina, aliyekuwa amejifunika kitenge mpaka kwenye macho.

"Kamwene, mama," alimsalimu kwa Kihehe.

Paskalina akashusha kitenge usoni, chote, na kumtazama. "Kamwene, baba," alisema. "Umezeeka."

"Na wewe pia, mama."

Basi ikawa imekwisha, haya ya miaka yote hiyo, pale pale, kwa maneno machache. Walikaa. Lugano alikuwa amepiga magoti na "mugonile" yake, salamu aliyofundishwa na Blessing njiani, lakini mzee alikuwa anamtazama tu.

"Mimi nilijua umekufa," alisema.

Alivuta koti lake kifuani, akaendelea.

"Ulitoka hulii. Nikakupiga makalioni, hulii. Nikakupuliza mdomoni, nikaona kifua kimepanda, nikasema sasa analia. Hukulia. Gari la misheni lilikuja nikakupakia hivyo hivyo, umelegea, kwenye sweta langu. Mama yako akaniuliza jina, nikamtajia, nikajua ni jina la kumwombea marehemu." Alikohoa, akasubiri kikohozi kipite. "Safari iliyofuata nilikuwa napeleka ndizi Dar. Nikasimama Ilula. Nikawauliza akina mama wa nyanya, yule mwenzenu aliyejifungua hapa barabarani, ni wa wapi? Wakaniambia, kwao ni msibani. Sikuuliza tena. Niliwaachia mkungu wa ndizi wapeleke huko msibani, nikaondoka."

"Ulikuwa msiba wa baba mkwe wangu!" Paskalina alisema kwa nguvu. "Baba mkwe, mtu mzee, alikuwa na pumu. Mtoto alilia garini! Hatujafika hata kwa masista, alilia mpaka dereva akaziba sikio."

"Mimi sikuwemo garini," mzee alisema.

Alisema hivyo bila kulaumu. Kisha akaeleza kwamba tangu hapo, kila alipopita Ilula, na alipita Ilula kila wiki mpaka alipostaafu, alipandisha kioo. Wachuuzi walikimbia pembeni ya lori wakiinua ndoo, naye akatazama mbele. Hakutaka kuona nyanya za pale wala majani ya pale.

Lugano amekimbia kando ya malori hayo tangu ana miaka kumi. Anawajua madereva wote wa kufunga vioo, aliwatukana kimoyomoyo, hawa wenye roho ngumu. Mara ngapi alikuwa ameinua ndoo yake kwenye dirisha la mtu huyu? Alikuwa amekuja aonekane, aseme ndaga fijo, asante sana, maneno aliyokuwa ameyafanyia mazoezi tangu basi lilipopita Chimala. Mzee akanyoosha mkono wake mkavu, akamwekea kichwani, na akasema, "Ndiyo. Jina langu limefika."

Lugano alifungua mdomo maneno ya asante yatoke, na kilichotoka ni kilio, kikubwa, cha bila adabu, kilio cha mwanamke aliyezoea kuita mabasi. Kuku walikimbia. Blessing akarudi nyuma. Mtu shambani akasimamisha jembe akatazama.

Paskalina aliona aibu mpaka akamvuta shali. "Nyamaza we! Nyumba ya watu hii. Mtu mzima unalia hivyo?"

Mzee aliinua mkono wa pili kumzuia. Alikuwa amefumba macho, na uso wake wote ulikuwa unasikiliza.

"Mwache, mama," alisema. "Mwache alie. Hiki ndicho nilichokuwa nakingoja pale barabarani."

Paskalina akaliachia shali.